Betri Kabla ya Nguzo: Umeme wa Nyumbani Katika Pwani ya Mtwara

Kwa kaya nyingi za pwani ya Mtwara, kuanzia Likombe na Mikindani hadi Msimbati na vijiji vya mlango wa Mto Ruvuma, umeme wa kwanza ulinunuliwa dukani, ndani ya kopo la zinki lenye volti 1.5. Nguzo na nyaya zilikuja baadaye. Masimulizi ya nishati ya mkoa huu huanzia kwenye gesi ya Mnazi Bay, na kwa kufanya hivyo huacha nje miongo mingi ya umeme wa betri, ambao ndio uliowafundisha watu wa kawaida namna ya kuupata umeme, kuutunza na kuubana usiishe upesi.

Redio za mwanzo hazikumfaa mtu wa kijijini. Zilitumia valvu, zilikula umeme mwingi na zilihitaji betri za aina mbili kwa pamoja. Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilitolewa redio ya bei nafuu iliyokusudiwa Waafrika. Iliuzwa pauni 5, na betri yake pauni moja na robo. Betri hiyo ilidumu kwa takriban saa 300. Hesabu hiyo ilionyesha mapema kwamba mzigo wa mwenye redio hauishi siku ya kuinunua. Tanganyika ilianza matangazo yake Dar es Salaam mwaka 1951. Transista, zilizoingia kwenye redio za kuuzwa madukani Marekani mwaka 1954, ndizo zilizobadilisha mambo: redio ndogo ikaweza kuimba kwa betri nne za kawaida. Katika miaka ya 1960 kampuni ya Kijapani ya Matsushita ikajenga kiwanda Dar es Salaam cha kutengeneza betri na redio zenye jina la National, na Kenya ikapata kiwanda chake cha Eveready mjini Nakuru.

Kusini kulikuwa na sababu ya ziada ya kusikiliza. Vita vya ukombozi vya Msumbiji vilianza Septemba 1964 ng'ambo ya Ruvuma, na wakimbizi, wengi wao Wamakonde wenye ndugu upande wa Tanzania, walivuka mto. Chama cha FRELIMO, kilichoongoza vita hivyo, kilirusha matangazo yake kupitia Radio Tanzania. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya: kwa wiki 12 vikundi vya wananchi nchini kote vilikaa mbele ya redio kusikiliza kipindi, kujadili na kisha kuchimba vyoo na kusafisha vyanzo vya maji. Washiriki walikadiriwa kufika milioni 2. Betri zikiisha katikati ya kipindi, somo la wiki hiyo limepotea.

Hapo ndipo ufundi wa kurefusha maisha ya betri ulipokomaa, na unastahili kutazamwa kwa makini kwa sababu sehemu kubwa yake ni sahihi kisayansi. Ndani ya betri kavu mna kijiti cha kaboni, kimezungukwa na unga mweusi wa manganizi, na kopo lenyewe la zinki ndilo linaloliwa taratibu kadiri umeme unavyotumika. Betri ikitumiwa mfululizo, mazao ya kemikali hujazana karibu na kijiti na nguvu hushuka. Ikipumzishwa, mazao hayo hutawanyika na nguvu hurudi kiasi. Mzee aliyefungua redio wakati wa taarifa ya habari tu na kuizima mara tangazo la vifo lilipokwisha alipata saa nyingi zaidi kuliko kijana aliyeiacha ikiimba mchana kutwa.

Kuanika betri juani ni mbinu nyingine iliyoenea, na nayo hufanya kazi: joto huharakisha kemikali na kupunguza ukinzani wa ndani, hivyo betri iliyochoka huweza kutoa sauti kwa muda. Lakini joto hilohilo huharakisha kuliwa kwa zinki. Kopo hutoboka, maji yenye chumvi huvuja, na spiringi za redio huota kutu ya kijani. Pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, vichwa vya betri na vibati vya redio vilihitaji kukwanguliwa kwa kisu au msasa hata pasipo kuvuja.

Mbinu iliyohitaji akili zaidi ilikuwa kuongeza idadi. Redio ya betri nne hutaka volti 6. Betri iliyochakaa hadi volti 1 haiwezi kuiendesha ikiwa na wenzake watatu wa hali hiyo, ila zikiwa sita hutosha. Basi betri kuukuu zilipangwa kichwa kwa kitako ndani ya mwanzi uliopasuliwa au karatasi ngumu iliyoviringishwa, zikakazwa kwa mpira wa baiskeli, na nyaya mbili zikaingizwa kwenye redio kupitia mfuniko wake wa nyuma. Taarifa ya habari ilisikika vizuri. Muziki ukipandishwa sauti ulikatakata, kwa kuwa betri chakavu huwa na ukinzani mkubwa na haziwezi kutoa umeme mwingi kwa mkupuo. Kosa la kawaida lilikuwa kuchanganya mpya na kuukuu: ile dhaifu husukumwa na wenzake hadi inageuka mzigo, na ndiyo huvuja kwanza.

Uhaba wa bidhaa baada ya Vita vya Kagera uliufanya ufundi huu kuwa wa lazima. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 betri zilipatikana kwa shida, sawa na sabuni na sukari. Wenye baiskeli walitegemea dainamo kwa taa, na wenye uwezo walihamia betri ya gari.

Betri ya gari ilibebwa kwa baiskeli hadi mjini, ikachajiwa, kisha ikarudishwa kijijini. Ina vyumba sita vya volti 2 kila kimoja, na zile za zamani zilikuwa na viungo vya risasi vinavyoonekana juu, kwa hiyo fundi aliweza kushika vyumba vitatu tu na kupata volti 6 za redio bila kuiunguza. Tatizo ni kwamba betri hiyo imeundwa kuwasha injini, yaani kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache. Ikimalizwa kabisa kila mara, bamba zake huganda salfeti na hukataa chaji. Kilichoipa maisha ni kuichaji mapema na kuongeza maji yaliyokenekwa. Wengi waliongeza asidi, na bamba zikazidi kuharibika.

Baharini, wavuvi wa dagaa waliovua kwa karabai nao wamekuwa wakihamia hatua kwa hatua kwenye taa za LED zinazoendeshwa kwa betri au jenereta ndogo. Taa ya LED hutumia umeme kidogo kiasi kwamba betri moja hukesha hadi alfajiri, na mafuta ya taa hayanunuliwi tena.

Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa na kampuni ya Kiitalia ya AGIP mwaka 1982, ikakaa ardhini zaidi ya miaka ishirini. Kampuni ya Artumas ya Kanada ilifufua kisima, ikalaza bomba hadi Mtwara na kuanza kuzalisha umeme mwishoni mwa 2006. Mitambo ikafikia megawati 18. Mtwara ilibaki nje ya Gridi ya Taifa kwa miaka mingi, hivyo mtambo ulipoharibika hapakuwa na pa kuazima. Mwaka 2013 wananchi waliandamana kupinga gesi kupelekwa Dar es Salaam kabla mkoa haujanufaika, na vurugu zikagharimu maisha. Malalamiko hayo yalikuwa na msingi, maana yalitoka pia kwa watu wanaoishi karibu na visima huku wakiwasha tochi. Bomba la kwenda Dar es Salaam lilizinduliwa Oktoba 2015.

Simu za mkononi na sola zilileta kizazi kingine cha mafundi. Chaja ya kobe hubana betri ya simu moja kwa moja. Seli za lithiamu kutoka kompyuta mpakato zilizokufa hupimwa, zile nzima huunganishwa na kuwekwa kwenye tochi na spika. Hapa baadhi ya mazoea ya zamani ni hatari. Seli ya lithiamu haianikwi juani, haiunganishwi na nyingine isiyolingana nayo, na ikichajiwa kupita volti 4.2 huweza kuwaka moto.

Betri ya gari iliyokufa hununuliwa na wafanyabiashara wa vyuma chakavu kwa ajili ya risasi yake. Betri kavu haina mnunuzi. Hutupwa jalalani au chooni.