Upigaji picha kwa simu, Masanze

Masanze ni kata ya Wilaya ya Kilosa, mkoani Morogoro, katika ukanda wa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iliyoanzishwa mwaka 1964. Mpiga picha wa simu hapa hushindana kwanza na jua la utosi: saa sita mchana macho ya mtu huzama kivulini. Saa 12 na nusu asubuhi, au saa 11 jioni, mwanga hulala na rangi hutulia.

Lenzi ifutwe kwanza. Vumbi la barabarani huifanya picha ionekane yenye ukungu. Mtu mwenye ngozi nyeusi akisimama mbele ya anga jeupe, simu humtia giza. Dawa yake ni kugusa uso wake kwenye kioo, kisha kuongeza mwanga kidogo.

Tembo aliye mbali, katika tambarare ya Mkata hifadhini, asivutwe kwa vidole: kwa simu nyingi kuvuta huko ni kukata picha tu. Afadhali aachwe mdogo, miti ya mikumi na milima ikimzunguka.

Kuhariri kwataka kiasi. Snapseed, programu ya bure ya Google, hunyoosha upeo na kufungua vivuli. Picha ikitumwa WhatsApp kama faili, hubaki na ubora wake.