Mji Uliikuta Miembe

Atakayetafuta bustani ya matunda ya kale Dar es Salaam asitarajie uzio, lango wala kibao. Bustani hiyo imetapakaa viungani mwa mji: mwembe mmoja umebaki uani kwa wapangaji Mbagala, mwingine umesimama kando ya gereji Tegeta, mwingine unamfunika mama lishe na majiko yake Kigamboni. Yote ni masalia ya mashamba yaliyokuwapo kabla ya viwanja kupimwa.

Asili ya mwembe ni India na Burma, na pwani yetu iliupata zamani. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliandaliwa wali na achari, embe likiwamo. Akaeleza kwamba ni tunda mfano wa tufaha, ila lina kokwa. Katika karne ya 19 misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Bagamoyo iliusambaza mwembe njia nzima hadi Tabora na Ujiji.

Huku pwani watu walijichagulia maembe yao: dodo, bolibo, sindano, viringe. Dodo kubwa hushikwa kwa mikono miwili. Bolibo ni refu, nyama yake laini, na wengi wetu hatujaonja embe linalolishinda. Sindano ni dogo na halihitaji kisu: unalibonyezabonyeza mpaka nyama ilainike, unalitoboa ncha, unafyonza, halafu unashinda ukitoa nyuzi menoni. Mabichi yaliliwa kwa chumvi na pilipili, au yakatiwa kwenye mchuzi wa samaki. Mti wenyewe ulikuwa mali kamili. Mtu aliweza kumiliki mwembe kwenye ardhi ya mwenzake, akaurithisha wanawe.

Sultani Majid alianza kujenga mji wake jirani na kijiji cha Mzizima miaka ya 1860, na kwa muda mrefu mji huo ulibaki mdogo. Sensa ya 1967 ilihesabu watu 356,286 katika mkoa mzima. Ya 2022 ilihesabu 5,383,728. Watu wote hao walihitaji pa kulala, na mashamba ya Kinondoni na Temeke ndiyo yaliyowapa nafasi. Mwembechai na Mwembeyanga ni mitaa sasa.

Kinachoniuma ni kwamba mwembe mzuri ukishakatwa, kufukia kokwa lake si hakika ya kuurudisha. Kuna makokwa yanayotoa chipukizi kadhaa, nyingi zikiwa sawasawa na mama. Mengine hutoa moja tu, iliyochanganya mama na baba, na tunda lake huwa jingine kabisa. Wakati huohuo vitalu vinajaa miche ya Tommy Atkins, embe la Florida lililoenea duniani kwa kuwa ngozi yake inastahimili safari na rangi yake inavutia dukani. Kwa utamu halilikaribii bolibo.

Dawa ipo, na mafundi wa miche barabarani wanaijua: kubebesha. Unachagua kikonyo, yaani kitawi kilichokomaa cha mwembe unaoutaka, unene wa kalamu, unakichonga kama kabari, unakipachika kwenye mche wa kokwa uliopasuliwa, unafunga kwa ukanda wa nailoni na kukifunika kisikauke. Wiki chache baadaye jicho hufumbuka. Mwenye kiwanja anayeita watu wa msumeno amwite kwanza fundi wa miche, mti ungali umesimama na vikonyo vyake vibichi.