Basi la Pudukkottai

Kabla jua halijachomoza tarehe 6 Agosti 2001, moto uliwaka katika banda lililoezekwa kwa majani huko Erwadi, kijiji cha pwani katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India. Waliolala humo walikuwa wagonjwa wa akili, wamefungwa minyororo. Walikufa watu 28.

Walifikaje pale? Erwadi pana kaburi la walii, na kwa miaka mingi familia, za Waislamu kwa za Wahindu, zimekuwa zikipeleka huko ndugu zao waliorukwa na akili ili wapate maji ya baraka na mafuta ya taa za kaburini. Mgonjwa hukaa mpaka aoteshwe kwamba ruhusa ya kwenda nyumbani imetoka. Ndoto huchelewa, na wenye jicho la biashara wakajenga mabanda, wakatoza ada, wakanunua minyororo. Ni rahisi kuwalaumu ndugu wa wagonjwa. Lakini hospitali ilikuwa wapi?

Ile kubwa ilikuwa Chennai, zaidi ya kilomita 500 kutoka Erwadi. Asili yake ni nyumba ya vichaa iliyofunguliwa na daktari Valentine Conolly mwaka 1794, mji ukiitwa Madras, kisha ikahamia Kilpauk. Mwaka 1961 uongozi wake ulishikwa na Sarada Menon, mwanamke wa kwanza nchini India kuwa daktari wa magonjwa ya akili. Baada ya kustaafu hakutulia: mwaka 1984 alianzisha SCARF, shirika la kutibu na kutafiti skizofrenia. Mjini kazi ilikwenda vizuri. Vijijini, daktari wa akili alibaki kuwa mtu wa kusikika tu.

Tsunami ya Desemba 2004 ndiyo iliyolazimisha mambo. Katika Tamil Nadu, wilaya ya Nagapattinam pekee ilipoteza watu zaidi ya 6,000, na walionusurika walihitaji msaada ambao madaktari wachache wa Chennai wasingeweza kuufikisha kwa miguu. SCARF ikaanza kuwaona wagonjwa kwa video. Hata hivyo mgonjwa bado alitakiwa kusafiri hadi kwenye kituo chenye mitambo, na asiyetoka chumbani mwake hawezi kupanda gari kwenda popote.

Mwaka 2010, katika wilaya nyingine ya jimbo hilo, Pudukkottai, SCARF ikakigeuza kituo chenyewe kuwa basi.

Mgonjwa hupanda ngazi na kuketi mbele ya skrini na kamera. Daktari yuko Chennai, karibu kilomita 400. Humuuliza kama amelala, kama amekula, kama zile sauti anazosikia zimepungua. Mama au kaka aliyemsindikiza huongezea yale ambayo mgonjwa ameyaruka. Wakimaliza, cheti cha dawa hufika kwenye basi, na katika duka dogo la dawa humo humo mgonjwa hukabidhiwa vidonge bila malipo. Nje, wanakijiji huonyeshwa filamu kuhusu maradhi ya akili, jambo ambalo huenda liliwavuta wengi kuliko daktari mwenyewe.

Sifa zote zilikwenda kwa basi na skrini yake. Si haki. Waliofanya mpango ule usimame ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, watu wa vijiji vile vile, waliojua nyumba gani ina kijana aliyefichwa chumba cha nyuma, na waliorudi kuuliza kama vidonge vimemezwa.

Tarehe 10 Oktoba 2022 serikali ya India ilizindua Tele MANAS, huduma ya simu ya bure kwa namba 14416, usiku na mchana, kwa lugha 20. Kabla ya mwaka 2024 kwisha ilikuwa imepokea simu zaidi ya milioni 1. Ni hatua kubwa, lakini humsaidia anayeweza kupiga simu au mwenye wa kumpigia. Aliyefungwa mnyororo hana simu mkononi, na kumfikia huyo bado ni kazi ya mhudumu anayebisha hodi.