Menengai: Mlima wa Vita na Sala

Kaskazini mwa mji wa Nakuru umelala mlima ambao, ukitazamwa kutoka bondeni, hauna ajabu. Hauna kilele kilichochongoka kama Kirinyaga, wala kilemba cha theluji kama Kilimanjaro. Lakini mpandaji afikapo juu, penye kimo cha mita 2,278 kutoka usawa wa bahari, hushikwa na bumbuazi. Mbele ya miguu yake ardhi imekatika ghafula, na chini limefunguka shimo lenye urefu wa kilomita 12 hivi na upana wa kilomita 8, ambalo kuta zake mahali pengine zashuka karibu mita 500. Sakafu yake imejaa mawe meusi yaliyoyeyushwa na moto wa kale, na huku na huku mvuke wapanda kimya kimya kati ya vichaka. Huo ndio Menengai.

Makumi ya maelfu ya miaka iliyopita mlima huu ulikuwa volkeno kubwa. Ulitapika moto na majivu mengi hata tumbo lake likawa tupu. Sehemu ya juu ikakosa nguzo ya kuishikilia, ikaporomoka ndani. Mvuke uonekanao leo watokana na maji yapenyayo chini ya ardhi, yakakuta mawe yenye moto, kisha yakarudi juu kwa njia ya nyufa. Haya twafundishwa na wataalamu wa miamba, na tuna sababu njema ya kuwaamini. Walakini Menengai una historia mbili: moja ya mawe na moja ya watu. Hiyo ya pili ndiyo tutakayoitazama hapa.

Tuanze na jina. Yasemekana kwamba neno Menengai limetoka katika lugha ya Kimaasai, na maana yake ni mahali pa wafu. Wakikuyu nao waliuita mlima huo Kirima kia Ngoma. Msomaji wa Kiswahili asidhani kuwa huo ni mlima wa kuchezea ngoma. Katika Kikuyu neno hilo ni mizimu au pepo. Basi watu wa makabila mawili, wenye lugha zisizo na udugu, waliupa mlima mmoja majina yenye maana za kukaribiana. Penye majina kama hayo, mwanahistoria hana budi kuuliza: ni nani waliokufa hapa?

Wazee hujibu kuwa walikufa Walaikipia. Katika karne ya 19 malisho ya Bonde la Ufa na ya nyanda za Laikipia yalikaliwa na watu wasemao Kimaa, waliogawanyika katika makundi mengi. Walifanana kwa lugha, kwa desturi za morani na kwa mapenzi ya ng'ombe. Wala hawakugombana kwa sababu ya tofauti zao. Walikosana kwa yale yale waliyoyapenda wote, yaani mifugo, majani na maji. Katika miaka ya 1870 Wapurko na wenzao, ambao laiboni wao mkuu alikuwa Mbatian, walipigana na Walaikipia vita vya kumalizana. Walaikipia wakashindwa, wakatawanyika, na jamii yao kama jamii ikavunjika. Simulizi lasema kwamba katika pigano moja morani wa Laikipia walisukumwa nyuma hatua kwa hatua hata ukingoni mwa Menengai, wakatupwa shimoni. Na ule mvuke, wazee walisema, ni roho za vijana hao zikitafuta njia ya kwenda mbinguni.

Je, tuyaamini haya? Hapakuwa na mtu aliyesimama ukingoni na kalamu mkononi. Hata Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyepita nchi ya Wamaasai mwaka 1883, alifika vita vimekwisha. Basi yafaa tuyapime maneno moja moja. Kwamba Walaikipia walishindwa na kutawanyika, ni jambo lililohifadhiwa na wengi, hata na wazao wa wale walionusurika na kupokewa katika makundi mengine. Na habari ishuhudiwayo na mshindi na mshindwa pia ina nguvu. Kwamba morani waliangamia penye ukingo huu, ni simulizi linaloungwa mkono na jina la mahali. Kwamba mvuke ni roho zao, sayansi yakataa. Lakini hata hilo la mwisho lisitupwe, kwa maana latuonyesha jinsi watu walivyoyakumbuka mauaji hayo. Mtu aliyemwona adui yake kuwa si kitu asingesumbuka kumtafutia njia ya mbinguni.

Sasa tuulize washindi walipata faida gani. Walipata malisho, lakini hawakuyala kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1890 na 1891 sotoka iliua ng'ombe kwa wingi usio na mfano, na ndui ikafuata kwa watu. Mwaka 1900 reli iliyotoka Mombasa ilifika Nakuru. Mwaka 1904, kwa mkataba uliotiwa sahihi na Lenana, mwana wa Mbatian, pamoja na wazee wengine, Wamaasai waliondolewa katika nyanda za Naivasha na Nakuru ili ardhi hiyo wapewe walowezi wa Kizungu. Wapurko wengi walipelekwa wapi? Laikipia, katika nchi ya wale waliowavunja! Mkataba uliahidi kuwa mpango huo ungedumu maadamu Wamaasai wangalipo. Ulidumu miaka saba. Mwaka 1911 uliletwa mkataba mwingine, na kufikia 1913 walikuwa wamehamishwa tena, kwenda kusini. Walishtaki mahakamani, na mwaka huo wa 1913 wakashindwa. Basi malisho yaliyonunuliwa kwa damu ya ndugu yalichukuliwa kwa wino wa mgeni.

Leo Menengai hupandwa na watu wa nia mbalimbali. Wanafunzi na watalii huenda kutembea na kutazama shimo. Wahandisi walianza mwaka 2011 kuchimba visima virefu vya mvuke, ili kuugeuza kuwa umeme. Na wako waumini waendao katika mapango ya mlima huo kufunga na kusali, wengine kwa siku kadhaa, wakipaona mahali pa wafu kuwa mahali pa kumkaribia Mungu.

Nao wana mengi ya kuombea. Mwezi wa Januari 2008, baada ya uchaguzi mkuu wa Desemba 2007, jirani alimwinukia jirani katika mji wa Nakuru, chini ya mlima huu huu. Watu waliuawa, nyumba zikateketezwa, na maelfu wakakimbia makwao. Miaka zaidi ya 130 ilikuwa imepita tangu vita vya Walaikipia, na silaha na sababu zilikuwa nyingine. Lakini aliyekimbia na aliyemkimbiza walikuwa wamechota maji katika bomba moja.

Msomaji, ukijaliwa kufika ukingoni, tazama kwanza shimoni, kisha geuka uitazame nchi iliyo kusini: mji, mashamba na ziwa. Hayo ndiyo malisho waliyoyafia vijana wa Laikipia, na ambayo waliowaua hawakuyamiliki hata miaka arobaini. Kisha shuka taratibu, na ukutanapo njiani na mtu asiyesema lugha ya mama yako, mwamkie.