Fingo na Upanga: Mwiko Humfunga Nani?

Mwaka jana, kwenye meza ya plastiki hapa Ukunda, niliua mchezo wangu mwenyewe. Tulikuwa watano: mimi mwendesha hadithi, wenzangu wanne na wahusika wao, dadu ya pande 20 katikati. Mmoja alinibembeleza nikampa upanga usioshindwa. Wiki iliyofuata kila zimwi nililoleta lilianguka kwa pigo moja, na wale watatu wakabaki kutazama simu. Wiki ya tatu hakuja mtu.

Wala si mimi wa kwanza. Dungeons & Dragons, mchezo uliozaa michezo hii ya mezani, ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na tangu hapo waandishi wake hawajaacha kurekebisha mizani. Kitabu cha mwendeshaji cha 1979 kilivipa vitu vikuu vya kale madhara pamoja na nguvu: ukikitumia, nacho kinakutumia. Toleo la 2000 likampa kila zimwi namba, ili ujue wachezaji wanne wa ngazi gani wanaliweza. Toleo la 2014 likaweka mpaka: vile vitu vinavyotaka kufungamana na mtu, mhusika hawezi kuwa navyo zaidi ya vitatu kwa wakati mmoja. Miaka 40 ya kutafuta bei ya nguvu.

Sasa shika barabara ya pwani kutoka Diani uelekee kusini mpaka Kinondo. Kuna msitu wa hekta kama 30, Kaya Kinondo, ulio chini ya wazee wa Kidigo. Simulizi za Wamijikenda zinasema wazee wao walitoka Singwaya, kaskazini, wakiwa wamebeba fingo, kinga ya watu wote, wakalizika ndani ya kaya. Kwa lugha ya mezani, hicho ndicho kitu cha nguvu kupita vyote. Lakini angalia kilivyofungwa. Hakuna anayelimiliki, na halivaliwi wala halitembei. Anayelihitaji ni kijiji kizima, na kijiji kizima kinalipa: mti haukatwi, hata kijiti kilichoanguka hakitolewi. Mgeni hujifunga kaniki, na wapenzi hawakumbatiani humo. Aliyevunja mwiko hutozwa mnyama. Msitu umesimama, huku mashamba na ploti zikiuzunguka.

Basi mizani imekamilika? Ingekuwa hivyo kama kila mtu angekaa meza moja. Mwiko humfunga anayeuamini, au anayeishi na wanaouamini na kuona haya mbele yao. Hoteli zilipoanza kujipanga ufukweni Diani, walikuja wanunuzi ambao hawakuwahi kuketi na mzee yeyote. Kisiwa cha Chale chenyewe ni kaya, na bado hoteli ilijengwa juu yake. Mwenye msumeno wa injini haogopi fingo. Anakata, anapakia, jioni anarudi kwake salama, na watoto waliokuwa wakitazama wanajifunza kwamba hakuna kilichomfika. Hapo ndipo mwiko hufa, hata kwa wenyewe.

Ndiyo maana ikabidi kanuni ya pili iandikwe, kwa lugha ambayo mnunuzi anaielewa. Mwaka 1992 serikali ilianza kuzitangaza kaya kuwa turathi za taifa, Kinondo ikiwemo, chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza kaya kadhaa za Mijikenda katika orodha ya urithi wa dunia. Wapo wanaosema sheria ndiyo iliyookoa msitu. Mimi naona sheria ilikuja kumkalisha mezani yule aliyekuwa nje. Haimwambii kijana wa Kinondo kwa nini kijiti kibaki pale kilipoangukia. Hiyo bado ni kazi ya wazee, na ya vijana wanaowaongoza wageni, kaniki kiunoni.

Niliwasimulia wenzangu haya nikawaomba turudi. Sikuunyang'anya ule upanga. Nilimuuliza mwenyewe tufanye nini. Akasema tuuzike mjini: ukiwa ardhini, mazimwi hayaingii, mtu akiuchimba, mji unabaki wazi, na lazima wote wanne wakubali kwanza. Jumamosi iliyopita tulikuwa watano tena. Zimwi lilikuja mpaka langoni, wakabishana saa nzima. Upanga bado uko chini ya mbambakofi.