Superman na Waliomhukumu

Vijana wetu wanamjua Superman, yule mtu wa hadithi za picha avaaye joho jekundu, arukaye angani na kuinua motokari kwa mikono yake. Wengi wamemwona katika sinema. Lakini ni wachache wanaojua ya kuwa watu wenye elimu kubwa, na hata Myezuiti mmoja, walikaa wakampima kwa maandiko yao, wakiuliza: Je, huyu anawafundisha nini wanaomsoma?

Superman alitungwa na vijana wawili wa Cleveland, katika Marekani, majina yao Jerry Siegel na Joe Shuster, wote wawili wa jamaa za Kiyahudi. Alitokea mara ya kwanza mwaka 1938 katika gazeti la picha liitwalo Action Comics. Vijana wale walikuwa wameuza haki zote juu yake kwa dola 130. Wenye gazeti wakapata mali nyingi mno.

Mwaka 1945, vita kuu ilipokwisha, Walter Ong, Myezuiti wa Marekani ambaye alikuwa hajapata bado upadri, aliandika insha kali. Kwake Superman alikuwa ndugu wa yule kiongozi mkuu ambaye makundi ya watu wa Ujerumani walimfuata pasipo kuuliza neno. Tena jina lenyewe lilikuwa limekwisha kutumika kwa kutafsiri neno la Nietzsche, mwalimu yule aliyemdharau Kristo na wanyonge wake. Basi watu wakafadhaika. Kumbe Wanazi wenyewe walikuwa wamemchukia Superman! Mwaka 1940 alichorwa katika gazeti moja akiwakamata Hitler na Stalin na kuwapeleka Geneva wahukumiwe mbele ya Shirika la Mataifa. Mara gazeti la SS likamtukana Siegel kwa ajili ya Uyahudi wake.

Je, Ong alikosea? Kwa nia ya watungaji, naona alikosea. Mwenye nguvu zote ambaye, badala ya kuwavunja shingo adui zake, anawapeleka barazani, huyo si Hitler. Lakini swali lake lilikuwa la haki: mtu mmoja akiwa na nguvu zisizopimwa na yeyote, ni nani atakayemwuliza hesabu?

Mwaka 1954 daktari Fredric Wertham akaja na kitabu kikubwa juu ya magazeti ya picha na watoto, naye hakumsamehe Superman. Alikuwa mtu mwema, aliyewatibu maskini weusi wa Harlem. Lakini mwaka 2012 ilionyeshwa ya kuwa aligeuza maneno ya watoto wengi aliowataja, yapate kukubaliana na mashitaka yake. Tumwache huyo.

Aliyeona mbali kuliko wote ni Umberto Eco, Mwitalia. Katika ujana wake alikuwa mtu wa Aksio Katolika, na insha yake ya chuo kikuu ilikuwa juu ya uzuri katika mawazo ya Mtakatifu Tomaso wa Akwino. Baadaye aliiacha imani, lakini kupambanua mambo alikuwa amekwisha kujifunza. Mwaka 1962 alionyesha kwanza ya kuwa Superman hawezi kuzeeka. Kila tendo linamsogeza mtu karibu na kifo, lakini Superman akifa, biashara nayo imekufa. Kwa hiyo kila hadithi huanza kana kwamba ya jana haikutokea. (Mwaka 1992 wenye gazeti walimwua kwa kelele nyingi, wakamrudisha mwaka uliofuata. Ufufuko wa bei rahisi!)

Halafu Eco akauliza neno zito zaidi. Mtu huyu angeweza kuhamisha milima na kuondoa njaa ya mataifa. Mbona anashinda mjini mwake akiwakamata wezi wa benki? Eco alijibu: kwa sababu katika hadithi zile ubaya wote ni kugusa mali ya mwenye mali, na wema wote ni sadaka. Superman hutoa sadaka, lakini hagusi mpango wenyewe unaowafanya watu kuwa maskini.

Hapo nakubaliana naye, ila si kwa hadithi za mwanzo. Katika moja ya mwaka 1938, mchimbaji amenaswa chini ya mgodi usiotunzwa. Superman anajigeuza mchimbaji, anamvuta tajiri mwenye mgodi pamoja na wageni wake wa karamu, anawashusha shimoni na kuwafungia humo, mpaka wajue wenyewe jasho na hofu ya watu wao. Wasomaji wetu wa Likasi na Kolwezi hawahitaji kuelezwa hadithi ile. Mwaka 1939 anabomoa vibanda vya maskini ili serikali ilazimike kuwajengea nyumba njema. Kwa hiyo Superman wa Eco ni yule aliyekwisha kufugwa: kadiri biashara ilivyokua, wenye migodi walitoka katika hadithi, wakabaki wezi.

Na watungaji wake walionja udhalimu ule ule. Walishtaki mahakamani, wakashindwa. Majina yao yakaondolewa katika hadithi. Mwaka 1975 Siegel alitangaza shida yao mbele ya magazeti, na Shuster alikuwa karibu kuwa kipofu. Ndipo kampuni, kwa kuona haya, ikakubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka, na kuyaandika tena majina yao.