Katesh Watu Wanavaa Makoti, Kadi ya Grafiki Inachemka Nyuzi 94: Historia ya Joto Ambalo Baridi Haiwezi Kulimaliza

Mwezi wa saba pale Katesh, chini ya Mlima Hanang, si mchezo. Watu wanatembea na makoti mazito mchana kweupe, wazee wamejitanda mablanketi, chai inapoa kabla hujamaliza andazi. Na ndani ya baridi hiyo hiyo, kwenye kachumba ka studio, kuna kompyuta inasoma nyuzi joto 94. Feni inalia kama bodaboda iliyobeba magunia inapandisha ukuta wa Bonde la Ufa kwenda Mbulu mjini. Video ya harusi ilifika asilimia 61, skrini ikawa nyeusi tii. Mara ya nne wiki hiyo.

Mwenye studio ni kijana wa Mbulu aliyeshuka Katesh kutafuta maisha. Kadi ya grafiki aliinunua mtumba, kwa hela ya vitunguu saumu vya nyumbani. Bibi harusi anataka video yake Jumamosi, na kishika mkono kimeshaliwa zamani. Kadi ikifa, hakuna ya pili.

Swali la kila aliyechungulia pale lilikuwa moja: inawezekanaje kitu kiungue kwenye baridi hii?

Jibu linaanzia mbali kidogo. Mwaka 1996 kampuni ya 3dfx ya Marekani ilipotoa chipu zake za Voodoo, zile zilizowafanya watoto wa Ulaya na Marekani wasahau kula kwa ajili ya gemu, chipu ilikaa uchi. Hakuna feni, hakuna hata kipande cha alumini juu yake. Miaka mitatu baadaye, 1999, Nvidia wakaleta GeForce 256, wakaitangaza kuwa ndiyo GPU ya kwanza duniani. Hiyo tayari ilikuwa na kifeni kidogo mgongoni. Kuanzia hapo kadi kubwa zikawa zinakula umeme zaidi kadiri miaka ilivyokwenda, na umeme ukishaingia kwenye chipu hauna pa kwenda, karibu wote unatoka kama joto.

2003 ikaja GeForce FX 5800 Ultra. Hii ilikuwa na feni yenye kelele mpaka watu wakaifananisha na mashine ya kukaushia nywele saluni. Nvidia wenyewe waliishia kutoa video ya kujitania. Ukiona kampuni inajicheka hadharani, ujue mambo yameharibika. Ila 2008 hakuna aliyecheka: kampuni hiyo ilitenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu za laptopu zilizokuwa zinakufa kwa sababu vifaa vilivyozishikilia havikuhimili kupanda na kushuka kwa joto. Mwaka mmoja kabla, Microsoft walitenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya Xbox 360, ile iliyokuwa inawasha taa nyekundu na kugoma. Mwaka 2010 GTX 480 ikatoka na wati 250, ikipelekeshwa inagusa nyuzi tisini na kitu. RTX 4090 ya 2022 imefika wati 450. Hiyo ni karibu nusu ya pasi ya umeme, ipo ndani ya boksi lililofungwa, chini ya meza yako.

Sasa turudi Hanang. Kanuni ya joto la kadi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: joto la chipu ni joto la chumba, jumlisha joto ambalo feni imeshindwa kuliondoa. Chumba cha Dar chenye nyuzi 32 na cha Katesh chenye 18 vinatofautiana nyuzi 14, na kadi ileile ikifanya kazi ileile itatofautiana karibu hizo hizo 14. Ukweli mwingine ambao wengi hawaujui ni kwamba nyanda za Mbulu na Hanang ziko juu, mita 1,500 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi kwa kama asilimia 15 kuliko ya Dar. Feni inazunguka vilevile lakini inasukuma hewa pungufu. Hata hivyo baridi bado inashinda. Kwa hiyo kijana wetu alitakiwa kuwa na raha kuliko mtu wa Sinza.

Hakuwa nayo.

Ushauri ulimiminika. Mmoja akasema weka kwenye friji. Huo ni ujinga wa gharama: kitu cha baridi kikitoka nje kinatoa jasho, na maji kwenye saketi hayana urafiki na mtu. Mwingine akasema paka dawa ya meno juu ya chipu. Hii ina ukweli nusu, inasaidia kwa muda mfupi, kisha inakauka na hali inakuwa mbaya kuliko mwanzo. Fundi simu wa jirani yeye alikuwa na blowa yake tayari mkononi. "Kaka, hii naipiga moto dakika tano inarudi." Nayo ina historia yake: miaka ile ya Xbox na laptopu kufa, watu duniani kote walikuwa wanaoka kadi kwenye oveni ya jikoni, wengine wanafunga Xbox kwa taulo ijichemshe yenyewe. Mashine zilikuwa zinaamka kweli, baadhi yao. Zinakaa wiki, mwezi, zinalala tena. Moto unaweza kumwamsha mgonjwa aliyezimia, lakini huyu wa Katesh hakuwa amezimia, alikuwa amekosa pumzi.

Aliyeligundua hilo hakuwa fundi kompyuta. Alikuwa mzee aliyekuja kupiga picha ya pasipoti.

Mzee huyo ujana wake aliumalizia kwenye mashamba ya ngano, upande wa Basotu. Kwa wasiojua: kuanzia miaka ya 1970, shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Canada lililima ngano kwenye tambarare za Hanang, mashamba saba makubwa, jumla kama ekari laki moja. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarabaig, na walifika hadi mahakamani kuidai. Hiyo ni habari nzito inayotaka siku yake. Lakini pia ndipo vijana wengi wa huko walipokutana kwa mara ya kwanza na mashine zinazochemka: matrekta na makombaini, yanafanya kazi kutwa nzima katikati ya vumbi na makapi.

Mtu yeyote aliyewahi kufanya kazi na kombaini anajua ugonjwa wake mkubwa. Si mafuta, ni rejeta kuziba. Makapi yanajibana kwenye matundu, hewa haipiti, injini inapanda joto hata kama asubuhi ile kuna baridi ya kukata masikio.

Mzee akasikia ile feni, akauliza inalia nini. Kijana akamweleza. "Mjukuu wangu, rejeta yake iko wapi?" Kijana akacheka kwa heshima, akafungua mfuniko. Halafu akaacha kucheka. Kati ya zile sahani nyembamba za alumini kulikuwa na blanketi la vumbi la rangi ya kahawia, vumbi la kiangazi cha Hanang, limeshikamana kama sufi. Na juu ya boksi, pale hewa ya moto inapotokea, kulikuwa na kitambaa cha kufuma chenye maua, zawadi ya mama mdogo, kimetandazwa vizuri kabisa ili kompyuta isiingie vumbi. Nani asiyekijua hicho kitambaa? Kipo juu ya tivii, redio, makochi, na kwenye nyumba nyingi kipo juu ya kompyuta vilevile.

Kilichofuata kilichukua saa moja na nusu. Umeme ulizimwa kwanza. Vumbi lilipulizwa kwa pampu ya baiskeli, huku mapanga ya feni yameshikwa kwa kidole yasizunguke hovyo na kuharibu beringi. Pasti ya kupozea ya zamani ilikuwa imekauka kama udongo, ikafutwa kwa spiriti, ikawekwa mpya, kiasi cha punje ya njegere tu. Boksi likatoka sakafuni likakaa juu ya stuli. Kitambaa kikahamia kwenye meza ya wateja.

Nyuzi 79.

Hapo angeweza kuacha, lakini kijana alikuwa ameshapata ladha. Akatumia programu ya Afterburner kupunguza volti kidogo kidogo, huku akiijaribu kadi kila hatua asije akaizidishia ikagoma. Hesabu yake inapendeza: nguvu inayoliwa na chipu hupanda kwa mraba wa volti, hivyo ukikata volti kwa asilimia 10 tu, joto linaloletwa na hizo volti linapungua karibu asilimia 19, na mwendo unaweza usibadilike kabisa. Watu wengi wanaonunua feni ya tatu na ya nne hawajawahi kujaribu hili, na ni bure.

Nyuzi 71. Feni ikashuka sauti mpaka muziki wa saluni ya jirani ukaanza kusikika.

Video ilitoka Ijumaa saa tano usiku. Mzee alirudi Jumatatu kuchukua picha zake za pasipoti. Kijana akamwamkia shikamoo kwa mikono miwili, akakataa kupokea hela. Mzee akaiacha mezani, juu ya kile kitambaa.